Tupande hadi Joe Wheeler au tugeukie kusini?

Swali: Mimi na mke wangu tunazunguka Great Loop, ile njia ya maji inayouzunguka upande wa mashariki wa Amerika Kaskazini, kwa mara ya kwanza. Boti yetu ni ya futi 36, injini moja ya dizeli, mwendo wa maili 8 kwa saa, na kwa sasa tuko Peoria, Illinois. Makutano ya vuli ya wasafiri wenzetu kule hifadhi ya Joe Wheeler, Alabama, yamebakiza wiki tatu. Mke wangu anataka twende. Mimi naona tutapoteza siku na mafuta kwenda kukaa na watu tusiowajua, halafu turudi kwa njia ileile. Je, yafaa? Na tukienda, tujiandae vipi?

Jibu: Ndugu yangu, hapa nasimama na shemeji. Nendeni. Ila naomba unielewe vizuri, kwa sababu kuna namna ya kwenda itakayowafaa mpaka mfike Florida, na kuna namna nyingine ambayo ni heri mngepita zenu. Nimepeleka boti za watu kwenye mito hii kwa miaka, na niliowaona wakiumia kwa sababu ya makutano waliumia njiani, kabla hata hawajafika.

Kwanza tuipige hesabu hiyo gharama unayoihofia, maana nahisi umeikuza. Kutoka Peoria hadi Joe Wheeler ni kama maili 700: 160 na ushei za kumalizia mto Illinois, 218 za Mississippi kutoka Grafton hadi Cairo, 47 za kupanda Ohio hadi mdomo wa Tennessee, kisha 277 za kupanda Tennessee yenyewe. Lakini katika hizo 277, maili 215 mngezipita kwa vyovyote, kwa kuwa njia ya maji ya Tennessee-Tombigbee inayowashusha kusini inaanzia Yellow Creek, kwenye maili ya 215. Kwa hiyo mchepuko ni maili 62 kwenda na 62 kurudi. Kwa mwendo wenu ni saa 15 na nusu za injini, na hata ikinywa galoni 3 kwa saa hamtafika galoni 50. Ongeza loki mbili (vyumba vya maji vinavyoinua na kushusha boti penye bwawa), ya Wilson na ya Wheeler, ambazo mtazipanda na kuzishuka. Loki hizo za serikali kuu haziwatozi wenye boti za matembezi hata senti. Wekeni siku mbili za kwenda na mbili za kurudi, bila kukimbizana.

Na hizo siku nne mnaziwahisha wapi? Msimu wa vimbunga kwenye Ghuba ya Mexico unaisha rasmi tarehe 30 Novemba. Bima nyingi zina kifungu kinachokataza boti kushuka kusini ya mstari fulani kabla ya tarehe fulani. Kuna mikataba inayoruhusu kuanzia 1 Novemba, na kuna inayotaka usubiri mpaka Desemba. Usimuulize jirani gatini, soma mkataba wako mwenyewe usiku huu. Ukikuta kifungu hicho, utaelewa kwa nini wenye mpango huu waliuweka Oktoba, na kwa nini waliuweka kule juu ya Tennessee, mamia ya maili kutoka baharini. Boti zote zinazoteremka kutoka Maziwa Makuu zinajikuta eneo hilo zikisubiri. America's Great Loop Cruisers' Association, chama kilichoanzishwa 1999, kimekuwa kikiwakusanya watu hapo kwa miaka mingi kwa sababu wapo tayari, na wana muda.

Sasa niseme linaloniogopesha. Tarehe.

Mtu aliyelipia ukumbi na kuahidiana na watu hushindwa kusubiri. Anauona ukungu wa alfajiri umeufunika mto, anajiambia utaondoka, anang'oa nanga. Nimewahi kukutana na boti ya namna hiyo asubuhi moja chini ya St. Louis. Nilisikia injini kabla sijaona chochote, kisha ikatokea ghafla, nyeupe ndani ya weupe, nahodha amesimama nje ya kibanda anachungulia. Mbele yake kulikuwa na tagi, boti ya kusukuma mizigo, inasukuma matishali 15. Kila tishali lina futi 195 kwa 35, yamefungwa matatu kwa upana na matano kwa urefu. Mzigo wa namna hiyo hausimami kwa kukuona. Tulimwita redioni kupitia chaneli 13 akasogea. Alikuwa anawahi kuandikishwa.

Kwa hiyo panga ukirudi nyuma kutoka siku ya kufungua, na ujiwekee kufika siku mbili kabla. Kwa boti yenu mimi naona siku 13 za mwendo: tatu za Illinois, tatu za Mississippi, mbili za kupanda Ohio na kuingia maziwa ya Tennessee, tano za maziwa hayo mpaka juu. Mna siku 21. Toa mbili za kufika mapema, zinabaki sita za kungoja. Hizo sita ni za mto, msizile kwa kukaa mjini. Mna loki tisa mbele yenu, na kwenye loki zote hizo boti ya matembezi ndiyo ya mwisho kwenye foleni, baada ya vyombo vya serikali, vya abiria na vya mizigo. Chumba cha kawaida kina futi 600, na msafara wa matishali 15 hauenei kwa mkupuo mmoja. Inabidi ukatwe vipande viwili, nusu ipite kwanza, kisha nusu ya pili. Ukikuta misafara miwili mbele yako, siku imekwisha.

Jazeni tangi Grafton au Alton. Kutoka Alton hadi Paducah ni maili 250, na mimi katikati hapo sitegemei pampu hata moja. Mississippi itawapa maili 3 au 4 za bure kila saa, mtajiona mna mbio. Mkifika Cairo, pale maji ya kahawia ya Mississippi yanapopakana na yale ya Ohio yaliyo safi kidogo, mnageuza omo na mkondo uliokuwa unawasukuma unakuwa usoni. Wengi hukosea hesabu hapo, wanaendelea kudhani wana maili 11 kwa saa wakati wamebaki na 6. Tena vuli ndipo mito inapokauka. Oktoba 2022, na tena Oktoba 2023, kipimo cha maji ya Mississippi pale Memphis kilishuka kuliko ilivyowahi kurekodiwa. Maji yakipungua hivyo, maficho ya kutia nanga yaliyoandikwa kwenye vitabu huwa matope, kwa hiyo ulizeni kwa waliopita wiki hiyohiyo.

Mkiwa Paducah, ulizia foleni ya loki ya Kentucky kabla hamjaingia Tennessee. Ikiwa ndefu, boti nyingi hupanda Ohio maili chache zaidi mpaka mto Cumberland, zinapita loki ya Barkley, kisha zinarudi upande wa Tennessee kupitia mfereji unaounganisha maziwa mawili. Njia ni ndefu zaidi, lakini mara nyingi ndiyo inayofika mapema.

Nikae kidogo kwenye loki ya Wilson, maana najua ndiyo itakayokuwa gumzo lenu. Inakuinua zaidi ya futi 90 kwa mkupuo mmoja. Mnaingia chini kabisa, kuta za zege zinapanda pande zote mbili, zimelowa na kuota utelezi wa kijani, na anga inabaki kama utepe. Ndani ya ukuta kuna mifereji ya wima, na katika kila mfereji kuna nguzo ya chuma inayoelea, inayopanda pamoja na maji. Kamba yenu itoke katikati ya boti, izunguke nguzo hiyo, irudi mkononi au kwenye kishikio. Msiifunge fundo. Nguzo ikikwama huku maji yanapanda, boti iliyofungwa itavutwa upande mmoja mpaka ilale. Mimi nilishaisikia ikikwama: ule mlio wa chuma kwa chuma unaokuwa kama unalia, ulikatika. Mwenzangu alikuwa na kisu mfukoni na kamba alikuwa ameishika kwa mkono tu. Aliiachia, nguzo ikafyatuka na kupanda juu kwa kishindo. Ilituchukua sekunde mbili tatu hivi. Kwa hiyo glavu mkononi, jaketi la kuokoa maisha kwa kila aliye juu ya sitaha, mapira ya kukinga ubavu mbele na nyuma, kisu karibu.

Na kabla hamjapanda, ulizieni hali yake. Septemba 2024 chumba kikuu cha Wilson kilifungwa baada ya kukutwa nyufa kwenye mageti, vyombo vikaelekezwa kwenye vyumba vidogo vya akiba, foleni ikawa ndefu sana. Wajenzi wa Jeshi la Marekani, ndio wanaoziendesha loki hizi, hutoa matangazo ya kila tatizo. Msomaji wa matangazo hayo kwenye boti yenu awe shemeji au wewe, lakini awe mtu mmoja anayejua ni kazi yake kila asubuhi.

Tuseme mmefika. Joe Wheeler ni hifadhi ya jimbo karibu na mji wa Rogersville, juu tu ya bwawa la Wheeler, ambalo TVA, shirika la serikali kuu la bonde la Tennessee, ililijenga miaka ya 1930. Gati liko kwenye mkono wa ziwa, loji iko hatua chache kutoka majini, na boti zinapangwa ubavu kwa ubavu. Mtakuta asubuhi kuna mafunzo ukumbini, alasiri watu wanafungua boti zao wengine waingie kuangalia, jioni kila mtu anatoka na kiti na sahani yake gatini. Hamtajua pa kuanzia. Nitakwambia nilivyofanya mimi mara ya kwanza, baada ya nusu siku ya kusimama pembeni: tazama bendera. Aliye safarini kama ninyi hupeperusha nyeupe. Aliyekamilisha mzunguko ana ya dhahabu. Aliyezunguka zaidi ya mara moja ana ya rangi ya platini. Tembea gatini mpaka uione ya dhahabu kwenye boti inayofanana na yenu kwa ukubwa na mwendo, simama pale, bisha hodi, useme mnatoka wapi. Hujaja kuomba msaada mkubwa, na wao walikuwa hapo ulipo.

Uende na maswali matatu uliyoyaandika, na yawe ya boti yako. "Mlilala wapi kati ya Demopolis na Mobile?", huko Alabama kwenye njia yenu ya kusini, ni swali linalojibika. "Mnatushauri nini?" litakupa hadithi ya saa nzima, nzuri, na hutakumbuka kitu kesho yake. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alinifungulia daftari lake la mistari. Kila mahali walipotia nanga alikuwa ameandika kwa penseli kina cha maji, upande ambao upepo ulitokea, na saa ambayo tagi ya kwanza ilipita alfajiri. Kwenye ukurasa mmoja aliandika tu: "Ingia ukikumbatia ukingo wa kushoto, katikati kuna gogo." Nilinakili kurasa nne pale pale, nimekaa kwenye ngazi ya boti yake. Mwezi mmoja baadaye niliingia hapo jioni, mwanga umeshapungua, na gogo lilikuwepo.

Hadharani ukumbini utapata ramani ya jumla: Tenn-Tom (ile njia ya Tennessee-Tombigbee), ghuba ya Mobile, pwani mpaka Carrabelle, Florida, na kuvuka Ghuba ya Mexico. Usiyakose masomo hayo. Lakini vitu kama lile gogo viko gatini, kwa hiyo nawashauri mgawane. Mmoja aingie somo, mwingine azunguke, jioni mpeane. Na lile la kuvuka Ghuba mwingie wote wawili.

Jambo moja kuhusu shemeji, na ninalisema kwa heshima kwa sababu nimeona matokeo yake. Kwenye boti nyingi za watu wawili, mmoja anashika usukani siku zote na mwingine anashika kamba siku zote. Siku anayeshika usukani akianguka kifua kimembana, mwenzake anakuwa peke yake katikati ya mto. Makutano ni mahali pazuri pa kulirekebisha hilo, kwa kuwa kuna wanawake wengi hapo wanaoendesha boti kwa ustadi na watakaa naye kwa furaha. Aijue redio: chaneli 16, jina la boti, maili ya mto mliyopo, tatizo. Ajue kuileta boti gatini polepole. Ajue na lugha ya tagi: nahodha akikwambia mpishane kwa honi moja, unamwacha upande wako wa kushoto; honi mbili, upande wako wa kulia. Ukipata naye alasiri moja tu ya mazoezi hapo bandarini, safari imejilipa.

Chapisheni kadi za boti kabla ya kuondoka huko mliko: jina la boti, majina yenu mawili, namba ya simu, picha ya boti. Mtagawa nyingi. Mtu hukumbuka boti kabla ya sura, na wiki sita baadaye mtu akiwaita redioni kwenye giza, kadi ndiyo itakayowakumbusha ni nani.

Kuhusu kuondoka, nina neno. Asubuhi ya baada ya kufunga, boti nyingi hutaka kutoka pamoja, loki ya Wheeler inajaa, na foleni hiyohiyo inawafuata Wilson, kisha Tenn-Tom yenye loki 10, mpaka Demopolis ambako gati zinakuwa hazina nafasi. Mkiweza, kaeni siku moja zaidi. Kutoka Demopolis hadi Mobile ni maili 216, na pa kusimama ni pachache, kwa hiyo bora mfike mkiwa boti tatu au nne zinazojuana kuliko ishirini. Mkienda kama kundi dogo, boti moja izungumze na loki kwa niaba ya zote, itaje idadi na majina. Waendesha loki hulipenda hilo na mtaona wanavyowafungulia.

Kundi ni zuri mpaka siku ya Ghuba. Kutoka Carrabelle hadi Tarpon Springs ni kama maili 170 za maji wazi, kwa boti yenu ni saa 20 na zaidi, kwa hiyo ni usiku kucha. Watu huondoka mchana ili wafike jua likiwa limeshapanda, waone maboya ya mitego ya kaa yaliyotapakaa karibu na pwani. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa boti tano tuliotoka makutano pamoja, tukipendana kama ndugu. Wanne wakasema leo hali ni nzuri. Mimi sikuwa nimesoma utabiri, niliwategemea wao, na baadaye niligundua wawili kati yao walinitegemea mimi. Mawimbi yalitupiga ubavuni kuanzia saa nne usiku. Makabati yalifunguka, sahani zikamwagika, na mwenzangu alilala sakafuni ameshikilia mguu wa meza mpaka kukapambazuka. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo kila boti ninayoiongoza husoma utabiri wake yenyewe, inaandika uamuzi wake kwenye karatasi, halafu ndipo tunakaa kulinganisha. Pendekezeni utaratibu huo kwa mtakaosafiri nao, mkiwa bado Joe Wheeler.

Kwa hiyo jiandikisheni leo kwa ajili ya makutano, na muombe nafasi ya gati mapema. Lakini uamuzi wa kuipandisha boti uacheni mpaka Yellow Creek. Mkifika pale zimebaki siku tano au zaidi, pandeni na boti. Zikibaki mbili au tatu, fungeni boti kwenye marina yoyote ya ziwa Pickwick mkodi gari. Ni chini ya saa mbili kwa barabara, na wengi hufanya hivyo, hakuna atakayewashangaa. Na kama mto umewachelewesha mpaka makutano yameanza, geukeni kusini kwa amani. Wateremkao kutoka Joe Wheeler watapita humohumo, na kufikia Demopolis watakuwa wamewakuta.